Kifungo cha tatu

Mwanangu ana wachumba wengi kuliko mimi.

Nashona nguo Ngamiani, Tanga, Barabara ya 8, kibarazani kwa mama mkubwa. Binti ana miezi 9. Juzi tu tumetoka kliniki kuchanjwa surua na rubela, na tangu siku hiyo ana kisirani. Mchana analala kwenye beseni chini ya meza ya kukatia, kwa mlio wa cherehani. Nikiacha kukanyaga, anaamka.

Baba yake alikuja kwa kazi za bomba la mafuta, kule Chongoleani. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, ila mgeni akishaonjeshwa mahaba husahau kwao. Wangu alikumbuka kwao. Bomba lile lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Yeye sijui yuko kilomita ya ngapi.

Mwezi uliopita mama mkubwa alinichosha kwa maneno, nikakubali kutoka na mtu. Tukakaa bustani ya Jamhuri, kisiwa cha Toten kile pale mbele yetu, tunakula muhogo wa kukaanga. Kipande cha pili sijakigusa, kashaapa: "Huyo mtoto nitampenda kama wangu." Kamwona wapi? Akahamia kwenye shule atakayomsomesha. Mimi hata nashona nini hakuuliza. Maziwa nayo yakachagua saa hiyohiyo kutoka, dera la zambarau likachora ramani mbili kifuani. Nikajitanda kanga, nikapanda bajaji. Muhogo niliondoka nao.

Aliyefuata, wimbo uleule. Wanadhani mwenye mtoto hutongozwa kwa kupitia uani. Mimi namtaka wa kupiga hodi mlango wa mbele, aniangalie, asome na jina la kanga niliyojifunga.

Halafu kuna huyu kaka wa shati la bluu. Alileta kifungo kimetoka. Wiki iliyofuata shati lilelile, kifungo kingine. Jana cha tatu. Sasa, kifungo kilichong'oka chenyewe huacha uzi umechakaa, una ndevundevu. Huu ulikuwa umekatwa sawasawa, kwa wembe.

"Shati lako lina mkosi, kaka."

"Ndiyo maana nalileta kwa fundi." Akasita kidogo. "Hiyo kanga jina lake nani?"

"Si imeandikwa? Soma."

Akainama kusoma. Masikio yake yamekuwa mekundu mpaka nikasahau kukanyaga, na beseni likaanza kulia.

Kifungo nimekishona. Uzi nimepitisha mara moja tu.