Siku tatu Perhentian, na simu ya mama

Mpaka Oktoba 2025 nilikuwa nimekaa Malaysia miaka miwili, na mtu akiniuliza nimeona nini huko, majibu yangu yalikuwa manne: chuo, stesheni ya treni, ofisi ya viza na soko la usiku la mtaani kwetu. Basi. Si kwamba sipendi kutembea. Mtu aliyekuja kusoma kwa pesa za kuungaunga huona haya kustarehe. Kila ringgit mia ina mwenyewe kabla haijakufikia mkononi: ada ya mdogo wako, dawa za mama, deni la tiketi ya ndege ambalo halijaisha hadi leo. Sasa upige picha umekaa ufukweni na miwani ya jua, utajieleza kwa nani?

Kwa hiyo mwenzangu wa chumba, Mwindonesia wa Sumatra, alipotangaza kwamba Deepavali, sikukuu ya Wahindu ambayo chuo hufungwa, inaangukia Jumatatu tarehe 20, na kwamba tunaweza kukaa siku tatu visiwani Perhentian bila kukosa kipindi hata kimoja, nilicheka tu. Kumbe tiketi yangu ya basi alikwisha kuilipa. "Utanirudishia taratibu," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Tulikuwa wanne. Mimi na yeye, Msudani mmoja tunayesoma naye maabara moja, na kijana wa Bangladesh tunayemwita Mhasibu. Anasomea uhandisi, lakini senti haimpotei. Ana daftari dogo la jalada la kijani, na kila kinachonunuliwa na zaidi ya mtu mmoja kinaingia mle, hata chupa ya maji.

Basi la kwenda Kuala Besut, kwenye gati la boti za visiwani, liliondoka Kuala Lumpur Ijumaa saa tatu na nusu usiku. Mabasi ya usiku ya Malaysia yana ugonjwa mmoja: kiyoyozi. Nje joto la kukutoa jasho umesimama, ndani baridi ya kuhifadhia samaki. Nilivaa sweta, juu yake koti la Msudani, miguu nikaitia ndani ya mkoba. Mhasibu alijiviringisha pazia la dirisha. Tulipoteremshwa saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tunatembea kama watu wa miaka themanini. Tukaswali Subuh, tukala roti canai na chai ya maziwa, tukasubiri gati lifunguliwe.

Pale gatini wageni hulipa ada ya hifadhi ya bahari, ringgit 30 kwa mtu mzima. Wenyeji wanalipa kidogo sana. Karani alituangalia mmoja mmoja akaandika: mgeni, mgeni, mgeni. Alipofika kwa mwenzangu wa chumba akamwomba kitambulisho cha uraia, maana kwa sura na Kimalei chake alimdhania ni mwenyeji. Msudani akamkanyaga mguu, nyamaza. Yeye akatoa pasipoti ya Indonesia akalipa 30 zake. Mhasibu hajamsamehe mpaka leo.

Perhentian ni visiwa viwili, Kecil na Besar, yaani kidogo na kikubwa, katika jimbo la Terengganu, kama kilomita 20 kutoka bara. Henti kwa Kimalei ni kusimama, na jina zima ni kama kusema kituoni: vyombo vya biashara vya zamani vilikuwa vikitua hapo. Siku hizi watu huvuka kwa boti za mwendo kasi. Ushauri wangu ni mmoja tu: usikae mbele. Mbele ndiko tunakokaa tusiojua, kwa sababu kuna nafasi na mandhari, halafu boti ikishika kasi inaruka juu ya mawimbi na kila ikitua uti wa mgongo unahesabu pingili zake. Nahodha alikuwa mzee mwembamba aliyevaa kofia ya sufu juani. Tulimwita Pak Cik, ndivyo mzee anavyoitwa huko. Kila wimbi kubwa lilipokuja alipaza sauti, "Pegang!" Shikilia. Hakupunguza mwendo hata mara moja.

Tulikodi vyumba viwili vya mbao Coral Bay, upande wa magharibi wa kisiwa kidogo, wanawake kimoja, wanaume kimoja. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu ya tarehe. Kuanzia Novemba mpaka Februari hivi, pwani ile hupigwa na pepo za kaskazi. Na kaskazi ya kule haina mzaha, inakuja na mvua na mawimbi makubwa, na hoteli nyingi hufunga. Sisi tulifika wakati watu wameshaanza kufunga virago. Mkahawa mmoja ulikuwa umepandisha viti juu ya meza, mwingine unauza vilivyobaki. Uliagiza unachotaka, wakakuletea kilichopo.

Magari hakuna. Kuna njia nyembamba ya miguu inayokata msituni kwenda Long Beach upande wa pili, robo saa kwa mwendo wa uvivu. Tukiwa njiani alikatiza kenge, mrefu kuliko mkeka wa kuswalia, hana haraka, akitusubirisha kama mwenye kiwanja. Mhasibu alirudi nyuma hatua kumi. Hilo hakuliandika daftarini.

Sasa nikiri jambo. Mimi sijui kuogelea. Sijawahi kujifunza, na nimefika umri ambao ukisema hujui, watu wanajibu "aah" na kubadilisha mazungumzo. Nilikuwa nimepanga kukaa mchangani na kulinda viatu vya wenzangu. Alasiri ile mwenzangu wa chumba alinishika mkono akaniingiza mpaka maji yakanifika kifuani, akasema hatutaogelea, tutalala.

Kulala juu ya maji nako kuna kazi yake. Mwili mzima unakataa. Unarudisha kichwa nyuma, na punde maji yanapokugusa masikio shingo inakakamaa, kiuno kinazama, miguu inatafuta chini. Mara nne, mara tano. Alikuwa ameniwekea kiganja kimoja tu chini ya mgongo, akirudia kwa Kiingereza chake, "Masikio ndani, tumbo juu." Mara ya sita au ya saba niliamua kuyaacha masikio yazame. Kelele zote zikakatika: boti, watoto, muziki wa mkahawani. Nikabaki nasikia kitu kama mchele unaopetwa mbali sana. Aliniambia baadaye ni mchanga unaosogezwa na mawimbi. Nilipogeuza macho kumuuliza, nikaona mikono yake yote miwili iko hewani. Hapo hapo nikazama, nikanywa chumvi ya mwaka mzima.

Jioni hiyo, tunasubiri samaki wa kuchoma, simu ikaita. Mama, na ni ya video. Niliinuka nikaenda nyuma ya kibanda, nikajibana kwenye ukuta wa mbao ili asione kitu, nikaibonyeza ibaki sauti tu.

"Mbona giza?"

"Taa imeungua, mama."

"Uko wapi?"

"Kwa rafiki."

Akaanza habari za nyumbani, nani ameoa, nani amelazwa, kisha akakatiza. "Hiyo ni mvua?"

Mawimbi yalikuwa mita ishirini kutoka niliposimama. "Ndiyo, mvua," nikasema. "Huku inanyesha sana." Akaniambia nifunge madirisha. Nilirudi mezani nikashindwa kula vizuri. Wenzangu hawakuuliza. Msudani peke yake alisema, bila kuinua macho kwenye samaki wake, kwamba yeye nyumbani wanajua yuko maktaba.

Siku ya pili tulimkodi Pak Cik atuzungushe. Kwanza tuliwaona papa wadogo wenye ncha nyeusi kwenye mapezi. Yaani wenzangu waliwaona. Mimi nilikuwa nagombana na miwani ya kuzamia. Kila nikiinamisha uso maji yalipenya, nikiimwaga yakapenya tena, nikaanza kuamini ni mbovu. Pak Cik aliniita ubavuni mwa boti, akanitazama kidogo, akanyoosha kidole. Pindo la hijabu yangu ya kuogelea lilikuwa limeingia chini ya mpira wa miwani, kwenye paji la uso. Upana wa uzi tu. Nikalirudisha nyuma, nikabandika mpira kwenye ngozi tupu, na dunia ikafunguka: matumbawe, pono wa kijani wakiyatafuna na mlio wao wa kokoto unausikia, na samaki wengine wengi ambao sina majina yao kwa lugha yoyote. Nilikuwa na jaketi la kuokolea na nimeishika kamba ya boti kama mbuzi wa kufungwa. Sikujali.

Kasa tulimkuta baadaye, palipokuwa na nyasi za baharini. Alikuwa chini yetu, mpana kama meza ya chai, samaki wawili wadogo wamemganda mgongoni, akila bila kumjali mtu. Ni marufuku kumgusa, na Pak Cik alikuwa amesharudia mara tatu tukae mbali. Terengganu ni nchi ya kasa na kwa miaka mingi mayai yao yaliuzwa sokoni wazi, mpaka mwaka 2022 jimbo lilipopiga marufuku biashara hiyo kwa kasa wa aina zote. Mnyama akala, akatosheka, akaanza kupanda. Alikuja moja kwa moja upande wangu, si kwa kasi, akatoa kichwa nje hatua tatu hivi kutoka nilipo, akavuta pumzi. Pumzi yenyewe ilikuwa kama ya mzee anayeinuka kitini. Mimi nikapiga ukelele. Bomba la kupumulia likanitoka mdomoni, likachomoka kwenye kamba ya miwani, likashuka taratibu mpaka chini. Nikalitazama linavyokwenda. Msudani alilizamia mara mbili, akarudi mikono mitupu.

Nilipandishwa botini nikiwa na kichefuchefu. Pak Cik akafungua kisanduku chake, akakata tunda dogo la kijani akanipa ninuse. "Limau," akasema.

"Limau!" nikasema mimi. Kwa Kiswahili.

Akadhani namwiga. Mwenzangu wa chumba akamweleza kwamba hapana, ndivyo tunavyosema kwetu. Mzee akafurahi kama mtoto, akaanza kunipima. Akagonga mbao ya mezani: meja. Nikasema meza. Akaonyesha kitambaa kinachopepea nyuma ya boti: bendera. Nikasema bendera. Sabun, sabuni. Dunia, dunia. Msudani, ambaye Kiarabu ndicho cha kwao, alikaa kama mwenye mali aliyewakuta majirani wanagawana vitu vyake. "Dunia yangu, sabuni yangu," akawa anasema. Meza na bendera akavikataa, akasema hivyo mkawadai Wareno.

Kisha Pak Cik akaacha mchezo akatazama kaskazini-mashariki, ambako mawingu yalikuwa yamejipanga chini chini, rangi ya chuma. Akasema maneno mengi, nikashika moja. Musim. Msimu. Wa kwake ulikuwa unakwisha. Wiki mbili tatu zijazo boti ingepandishwa nchi kavu, naye angerudi bara kushona nyavu mpaka Machi. Sikuhitaji mkalimani.

Jumatatu bahari ilichafuka kweli. Boti yetu ya saa sita mchana iliahirishwa mpaka saa tisa, na safari hii sote tulikimbilia viti vya nyuma. Tulifika Kuala Besut tumelowa mpaka noti za mfukoni. Mhasibu, ambaye alikataa mafuta ya jua kwa sababu ya bei, alikuwa na mgongo usiogusika. Alisafiri usiku kucha ameinama mbele kama anayeswali, na kiyoyozi kwa mara ya kwanza kilimfaa mtu.

Jumatano hesabu ikaja kwenye simu, imenyooka kwa mistari. Chakula, vyumba, boti, vyote kugawa kwa nne. Mwisho kabisa: bomba la kupumulia, ringgit 25, na jina langu peke yangu. Nilipinga. Nilisema ukelele ule ulikuwa kwa niaba ya kundi. Akajibu kwamba kundi lilikaa kimya.

Mama nilimpigia jioni hiyo hiyo, nikiwa kitandani. Nilikuwa na hotuba tayari: kwamba ilikuwa bei nafuu, kwamba nimelipiwa, kwamba pesa ya mwezi huu haitapungua. Nilianza na kisiwa, na hotuba yenyewe sikuifikia.

"Mlikwenda na nani?" Nikamtajia. "Ulivaa nini majini?" Nikamweleza. "Umeogelea?"

"Sijaogelea. Nimelala juu ya maji."

Akanyamaza kidogo. Nilimsikia anasogeza kiti.

"Kwa hiyo ile mvua ya Jumamosi ilikuwa bahari."

"Ilikuwa bahari, mama."

"Nilijua," akasema. "Mvua haiendi ikirudi."