Mkono wako usiume

Chakula changu cha kwanza katika nyumba ya Wairani nilikila kimya, nikidhani naonyesha adabu.

Ilikuwa Ijumaa mchana huko Qazvin, mji ulio kiasi cha kilomita 150 kaskazini-magharibi ya Tehran. Nilikuwa na miezi minne tu nchini, Kiajemi changu bado cha darasani, na msichana tuliyekuwa tukitumia meza moja ya maabara akanichukua kwao. Mama yake ni mtu mzima, mtaa mzima unamwita Haj Khanum. Wakatandika sofre, kile kitambaa cha kulia, juu ya zulia, tukakaa kwa kuzunguka. Kisha Haj Khanum akaingia na sinia la gheyme nesar, pishi la Qazvin lenyewe: wali wa zafarani, nyama, na juu yake lozi na pistachio zilizochanwa nyembamba kama njiti, maganda ya chungwa yaliyokatwa nyuzinyuzi, na zereshk, vitunda vyekundu vichachu ambavyo ukivitafuna vinaushtua ulimi. Sinia halijatua, nyumba nzima ikasema: "Bah bah!"

Hiyo bah bah haitamkwi haraka. Hewa yote ya kifuani inatoka nayo, ya pili ndefu kuliko ya kwanza, na mtu anafumba macho kidogo kama anayenusa asumini. Mkwe wa Haj Khanum aliisema, akaongeza "che buyi!", harufu gani hii! Mjukuu wa miaka mitatu naye akaisema, akiwa bado hajaona kilichomo. Mimi nikainamisha kichwa, nikapiga bismillahi moyoni, nikala. Kwetu Tanga nimelelewa hivyo. Mtoto wa kike hashangilii chakula cha watu, wasije wakadhani kwao hawapiki. Unakula, ukimaliza unasema alhamdulillahi, unanawa.

Haj Khanum alikuwa akinitazama. Akaniuliza kama chumvi imepungua. Nikasema hapana. Baadaye akauliza kama sisi hatuli maganda ya chungwa. Nikasema tunakula, na ndiyo kwanza nilikuwa nakula kwa mara ya kwanza. Tulipopeleka vyombo jikoni, binti yake akaninong'oneza: "Mama anafikiri hukupenda. Hujasema kitu." Nilikuwa nimeongezwa mara mbili na sahani yangu ilikuwa imebaki nyeupe. Nilitaka kulia. Kumbe sahani tupu haimfikishii mpishi chochote, hata kama imelambwa.

Nikamwuliza nilipaswa kusema nini. Akanifundisha pale pale, mikono yake ikiwa ndani ya povu: "Dastetun dard nakone." Mkono wako usiume. Kwa rafiki wa rika langu ni dastet, lakini kwa mtu mzima kama Haj Khanum lazima iwe dastetun, ile ya heshima. Nikarudi sebuleni, nikaisema mbele ya watu wote huku ulimi ukinitetemeka. Haj Khanum akaweka kiganja kifuani. "Saretun dard nakone," akajibu, nacho kichwa chako kisiume. Kisha akaniambia "nush-e jan", chakula kiwe tamu kwa roho yako, na kuanzia siku hiyo akaniita dokhtaram, binti yangu.

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Neno asante linatazama kile nilichopewa. Hili linautazama mkono uliokata yale maganda ya chungwa nyuzi kwa nyuzi tangu asubuhi, na linauombea.

Baada ya hapo nikawa nasikia vizuri zaidi. Siku moja nilikwenda kwao nimejitanda kanga. Haj Khanum akashika pindo, akalisugua kwa vidole viwili kama mnunuzi anayepima pamba. "Che ghashange!" Ilivyo nzuri! Nikajibu kama nilivyozoea kujibu maisha yangu yote: ah, ya kawaida tu, ya zamani hii. Binti yake akanitupia jicho. Jibu lao ni "cheshmatun ghashang mibine": macho yako ndiyo yanayoona vizuri. Nilipoelewa maana yake nilikaa nalo siku nyingi. Ni mara ngapi nimesifiwa, nikamrudishia mtu sifa zake usoni? Gauni zuri, nasema la mtumba. Umependeza, nasema nimenenepa tu. Tunaona ni unyenyekevu, lakini ukiupindua upande wa pili unakuta umemwambia aliyekupenda kwamba hajui kuona. Mwirani anaipokea sifa, anaigawa katikati, nusu anamrudishia mwenzake, na wote wawili wanaondoka nayo.

Akataka kujua kanga inasemaje. Ilikuwa imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nikamfasiria kwa Kiajemi changu cha kuokoteza. Akapiga mikono: "Bah bah, gol gofti!" Umesema maua. Akanipa na la kwao: "Mehmun habib-e khodast", mgeni ni kipenzi cha Mungu. Nikaivua kanga nikampa. Akakataa, nikampa tena, akakataa tena kwa kuapa, mara ya tatu akaipokea. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na mara ya tatu ndipo nilipojua ameipenda kweli.

Kuna moja ambayo nisingeiamini kama ningesimuliwa. Teksi nyingi kule unapanda na watu usiowajua, kama zetu za njia. Mzee mmoja aliyekaa mbele, mfuko wa mikate mapajani, aligeuka akamwomba radhi mama aliyekuwa kando yangu kiti cha nyuma: samahani, nimekupa mgongo. Yule mama akajibu bila hata kufikiri: "Gol posht o ru nadare." Ua halina mgongo wala uso. Mzee akashukuru, akatazama barabara. Hawakusema neno jingine, na kila mmoja akashuka kwake. Njia nzima nilikuwa nikilirudia kwa midomo iliyofungwa nisije nikalisahau.

Kwa watoto ndipo wanapofurika kabisa. Mtoto akicheka tu, anaambiwa "mush bokhoradet", panya akule, na hilo ni penzi tupu, maana yake mdogo mtamu wewe, hata panya angekumaliza. Mtu mzima naye anaambiwa "ghorbunet beram", niwe kafara yako, au anaitwa jigar, ini. Hilo la ini halikunipa tabu hata siku ya kwanza, kwa kuwa sisi nasi tunasema mtu kanikata maini. Mwirani mwenye huzuni husema ini lake limekuwa kababu. Tunaumia mahali pamoja.

Na kama kwetu, sifa wanaiogopa kidogo. Mjukuu wa Haj Khanum alisifiwa sana siku moja na wageni, macho yake, nywele zake, na kila sifa ilikuwa na mashalla yake mbele. Hata hivyo, wageni walipotoka tu, bibi yake akaingia jikoni, akaweka makaa kwenye kichetezo cha chuma, akarusha juu yake mbegu za esfand. Zikapasuka pa, pa, pa. Akakizungusha kile kichetezo juu ya kichwa cha mtoto huku akisoma maneno yake chini kwa chini. Ule moshi mkali si ubani wala udi, lakini nilifumba macho nikajiona nyumbani, bibi yangu anamfukiza mtoto wa dada baada ya arobaini.

Bibi yangu huyo alizaliwa Pangani, na alikuwa na neno moja la kusifu ambalo sijalisikia kwa vijana: "Shabash!" Ukimletea maji kabla hajaomba, shabash. Ukihitimu juzuu, shabash tatu. Nilikuwa nikidhani ni neno lake mwenyewe. Nimekwenda kulikuta kwenye harusi Qazvin. Jamaa za bibi arusi walikuwa wakicheza, na watu wakawa wanawapa noti, wengine wanazimwaga juu ya vichwa vyao, kama wanavyotunzwa waimbaji wa taarabu. Nikauliza zile pesa zinaitwaje. Shabash, wakasema, na chanzo chake ni shad bash, uwe na furaha. Nilijua kwamba rangi, bandari, barafu na bustani tulichukua kwa Waajemi. Hayo yako vitabuni. Hili lilikuwa mdomoni mwa bibi yangu, na sikujua kwamba kila aliponisifu alikuwa akiniombea furaha.

Wapo Wairani, hasa vijana, wanaochoshwa na haya yote. Wanasema ni taarof tu, maneno ya kupakana mafuta, dereva anakwambia nauli "ghabel nadare", si kitu mbele yako, na usipolipa atakushangaa. Nawaelewa, maana wao wamezaliwa ndani yake na mimi nimekuja kama mgeni. Lakini siwezi kukubali kwamba neno likishazoeleka limekuwa uongo. "Khaste nabashid", usichoke, huambiwa muuza duka, fundi, hata mhadhiri darasa likiisha. Hakuna aliyenifasiria hilo. Mara ya kwanza kulisikia nilijua ni pole na kazi. Na mimi nimesema pole na kazi maelfu ya mara bila kufikiri, wala sidhani aliyekuwa amebeba gunia alijali kama nimefikiri. Mtu mwenye haya kama mimi anahitaji njia iliyokwisha limwa na wenzake. Bila hiyo, penzi lote linabaki ndani, na mwenye kupendwa anakwenda kuuliza kama chumvi imepungua.

Wiki mbili zilizopita nilirudi Tanga kwa likizo. Siku ya kuondoka Haj Khanum alinipa salamu za mama yangu: "Cheshmesh roshan", macho yake yawe na nuru, ndivyo anavyoambiwa mtu aliyerudiwa na msafiri wake. Nilizifikisha. Mama akasema, "Mwambie yamekwisha waka."

Jumapili akapika wali wa nazi na changu wa kupaka. Alikuja na sinia limefunikwa kawa. Alipofunua, mvuke ukanijaa usoni na mdomo wangu haukunisubiri: "Bah bah!" Mdogo wangu akacheka, mama akatabasamu, akanichagulia kipande cha tumboni. Nikala, nikaongezwa. Nilipomaliza nikasema alhamdulillahi, kisha nikamgeukia.

"Mama, mkono wako usiume."

Akanyamaza. Akautazama mkono wake wa kulia, akaufumba na kuufumbua polepole. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Nilikuwa nimekaa naye siku zote hizo, nala pishi lake mchana na usiku, na sikuwa nimekiona.

"Nani kakwambia unauma?" akaniuliza.

Ni nazi. Miaka yote ya kukaa kwenye mbuzi, tangu mimi sijaanza shule, mkono ule ule, kuzungusha kule kule. Usiku humwamsha. Alikuwa hajamwambia mtu.

Kesho yake asubuhi nilimtoa kwenye mbuzi, nikakaa mimi.