Nyukliasi ya baiolojia na ya kemia ni moja?

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, juzi jioni kanikuta jikoni nakaanga mayai akaniuliza, mamdogo eti nyukliasi ya baiolojia ndo hiyo hiyo ya kemia? Nikazima jiko kabisa, maana swali hilo lilinitesa sana nikiwa shule na sikupata wa kunijibu.

Jina ni moja, kwa Kiswahili zote tunaita kiini, ila ni vitu viwili mbalimbali. Kiini cha seli ndo kimetunza DNA, yaani maelekezo ya mwili, sisi binadamu tuna kromosomu (vifurushi vya DNA) 46 na ukiinyoosha DNA yote ya seli moja inafika kama mita 2! Kiini cha atomi hakina maelekezo, ni chembe zinazoitwa protoni na nyutroni zimeshikana hapo basi, lakini karibu uzito wote wa atomi uko humo na idadi ya protoni ndo inayoamua hiki ni kitu gani, 6 ni kaboni, 79 dhahabu. Halafu seli nyekundu za damu zikikomaa zinatoa kiini chake nje na bado zinaishi kama siku 120, atomi bila kiini haipo kabisa. Na DNA yenyewe imejengwa kwa atomi, kwa hiyo ndani ya kiini kimoja cha seli kuna mabilioni ya viini vya atomi, hapo kijana alitoa macho.

Akaniuliza na kiini cha yai je? Kiswahili hapo kinatuchanganya kidogo, ile njano yote ni akiba ya chakula tu, nyukliasi iko kwenye kale kadoa keupe juu yake. Tukavunja yai lingine tukakaona.

Akataka na ya atomi aione. Nikamwambia hiyo darubini ya shule haiwezi, chukulia atomi ni uwanja wa Mkapa pale Dar, kiini chake ni kama punje ya choroko katikati. Sasa kilijulikanaje kama kipo? Kule Manchester, Uingereza, mwaka 1909 wanasayansi Geiger na Marsden walirusha chembe za alfa, yaani chembe ndogo mno zinazotoka kwenye vitu vyenye mionzi, kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, karibu zote zikapenya ila chache mno zikarudi nyuma, na 1911 bosi wao wa maabara, Rutherford, akaeleza kwamba zilizorudi zimekutana na kitu kidogo kizito kilichopo katikati ya atomi.

Akanyamaza, afu akasema, kwa hiyo hata dhahabu sehemu kubwa ni uwazi.