Bodrum mwezi wa tisa, inshallah
Jamani mimi na mume wangu tumeamua, mwezi wa tisa ni Bodrum, ile rasi ya Uturuki inayochungulia bahari ya Aegean. Jana tulikaa na ramani kwenye simu mpaka saa sita usiku, chai imepoa hata hatujaigusa. Tutatoka Dar mpaka Istanbul, halafu ndege ya ndani hadi Milas, na kule kijiji kwa kijiji kuna vibasi vyao wanaita dolmuş, kama daladala zetu tu.

Ila kilichonishika moyo ni ile ngome ya mawe pale bandarini, ndani kuna makumbusho ya vitu vilivyoopolewa baharini. Kuna meli ya Uluburun, ilizama zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, mpiga mbizi wa sponji akaiona 1982, na kwenye shehena yake walikuta magogo ya MPINGO, mpingo huu huu wetu wa Afrika! Babu yangu alikuwa anachonga mpingo, nimeisoma hiyo nikanyamaza kwanza. Siku ya pili tunavuka na feri kwenda Datça, wana lozi huko balaa. Aliyewahi kufika aniambie, Septemba maji bado yana joto?