Jinsi nilivyopima uimara na thamani ya chapa za nyuzi za gitaa

Nyuzi za gitaa huuzwa kwa ahadi zinazofanana. Karibu kila pakiti husema kwamba nyuzi zilizomo zinadumu, zina sauti angavu na zinahimili mpigo mkali, na mnunuzi anayechagua kati ya D'Addario, Elixir, Martin na Ernie Ball hana cha kumwongoza isipokuwa bei. Mimi hupiga gitaa la nyuzi za chuma karibu kila siku, na pamoja nalo nina gitaa la umeme na jingine la nyuzi za nailoni, kwa hiyo gharama ya nyuzi kwangu si jambo dogo. Niliamua kuacha kutegemea maneno ya pakiti na ushauri wa marafiki, nikaanza kuzipima chapa hizo mwenyewe kwa utaratibu ambao mtu yeyote mwenye subira anaweza kuufuata.

Jambo la kwanza lililohitaji uamuzi lilikuwa maana yenyewe ya kudumu. Wengi huhesabu umri wa uzi tangu unapofungwa hadi unapokatika, lakini kipimo hicho kinapotosha, kwa kuwa nyuzi nyingi huwa zimekwisha kazi muda mrefu kabla ya kukatika. Nyuzi nne nene za gitaa la chuma zina kiini cha feleji kilichozungushiwa waya wa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya shaba. Jasho, mafuta ya mwili na chembe za ngozi huingia katikati ya mizunguko ya waya huo, chumvi huanza kuila metali, na uchafu huizuia mizunguko isicheze kwa uhuru, hivyo mitetemo ya juu, ile inayoipa sauti wangavu wake, ndiyo inayotangulia kupotea. Baadaye huja tatizo zito zaidi. Sehemu ya uzi inayoguswa na vidole hubeba uchafu na husagwa na freti, vile vipande vya chuma vilivyopachikwa kukingama shingo ya gitaa, ilhali sehemu iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa, hubaki safi, na matokeo yake ni kwamba uzito wa uzi hauwi tena sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi wa namna hiyo unaweza kuwa sahihi kabisa ukipigwa wazi, yaani bila kubanwa na kidole, lakini ukibanwa katika freti ya 12 sauti yake huwa imepanda au imeshuka, na hapo hakuna kukaza wala kulegeza kunakoweza kuuponya.

Kwa sababu hiyo nilipima mambo mawili: wangavu wa sauti na usahihi wake katika freti ya 12. Nilitumia gitaa moja tu na unene mmoja wa nyuzi, ule unaoandikwa 12 hadi 53 kwenye pakiti. Namba hizo huhesabu sehemu za inchi iliyogawanywa mara elfu, yaani uzi mwembamba una takriban milimita 0.30 na ule mnene milimita 1.35. Hili la unene halina mjadala, kwani uzi mnene unahitaji mvuto mkubwa zaidi ili kufikia sauti ileile, na anayelinganisha seti inayoanzia 10 ya chapa moja na seti inayoanzia 12 ya chapa nyingine analinganisha unene, hapimi chapa. Muda wote wa kupiga niliuandika daftarini kwa saa, si kwa wiki, kwa kuwa wiki ya mtu anayepiga jioni moja tu haiwezi kufananishwa na wiki ya mtu anayepiga kila siku.

Kila wiki nilirekodi kodi zilezile, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa plektra ileile, kile kibapa cha kupigia nyuzi, nikiwa nimekaa mahali palepale, kisha nikasikiliza rekodi hiyo mara moja baada ya ile ya siku nyuzi zilipofungwa. Nawasihi wanaotaka kujaribu wasiiruke hatua hii. Sikio huzoea mabadiliko ya polepole, na nyuzi zilizofubaa kwa mwezi mzima huonekana nzuri tu mpaka zinaposikika kando ya zile mpya. Kisha nilitumia tyuna, kifaa cha kupimia usahihi wa sauti: uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, ukiwa wazi hutetema mara 82.4 kwa sekunde, na ukibanwa freti ya 12 unapaswa kufika 164.8. Nusu toni moja, yaani hatua ya kutoka freti moja hadi inayofuata, hugawanywa katika senti 100, nami nilikubaliana na nafsi yangu kwamba uzi ukipotoka zaidi ya senti 5 kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza, maisha yake yamekwisha. Nasema kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza kwa makusudi, kwa kuwa gitaa lenyewe linaweza kuwa na upotofu wake, na si haki kuutwika uzi.

Nilianza na nyuzi zisizopakwa kitu. Hapa niligundua kwamba aloi ina umuhimu kuliko jina la kampuni. Aina inayoandikwa 80/20 ina asilimia 80 ya shaba na 20 ya zinki. Aina ya bronzi ya fosforasi, ambayo D'Addario waliileta katika nyuzi za gitaa mwaka 1974, ina shaba takriban asilimia 92 na bati karibu asilimia 8, pamoja na fosforasi kidogo sana. Nyuzi za 80/20 zilikuwa na sauti kali na ya kupendeza mno zilipokuwa mpya, na ndizo zilizoanguka kwa kasi zaidi. Za bronzi ya fosforasi zilianza chini kidogo lakini zikashuka taratibu. Nilipolinganisha D'Addario na Martin za aloi moja, zote zisizopakwa, tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliposikiliza rekodi bila kujua ipi ni ya nani sikuweza kuzitenganisha kwa uhakika. Kwa aina hiyo ya nyuzi, mimi leo hununua iliyo na bei nafuu kati ya kampuni zinazoaminika, na moyo wangu umetulia.

Nyuzi mbili nyembamba, zisizo na waya wa kuzungushia, zilikuwa na tofauti ndogo hata kuliko hiyo. Sababu yake si ya ajabu: waya wa feleji wa muziki hutengenezwa na viwanda vichache, kama kile cha Mapes cha Tennessee, Marekani, na kampuni nyingi za nyuzi hununua waya kwao badala ya kuuvuta zenyewe.

Iliyonishangaza ni aina ya Monel, aloi ya nikeli na shaba ambayo Martin huiuza kwa jina la Retro. Monel hutumiwa pia katika vifaa vya baharini kwa sababu inastahimili sana kutu. Sauti yake ni nzito na kavu tangu siku ya kwanza, haina ule mlio wa kioo unaopendwa na wengi, lakini rekodi zangu za mwanzo na za baadaye zilikaribiana kuliko za aina nyingine yoyote isiyopakwa. Inaeleweka: uzi usioanza na wangavu mwingi hauna mwingi wa kupoteza. Kwa mwimbaji anayetaka gitaa likae chini ya sauti yake bila kubadilikabadilika, naiona kuwa thamani nzuri.

Baada ya hapo nilihamia kwenye nyuzi zilizopakwa utando. Elixir hutengenezwa na W. L. Gore & Associates, kampuni ileile ya kitambaa cha Gore-Tex, na utando wake hufunika uzi mzima baada ya waya kuzungushwa, hivyo hata nafasi kati ya mizunguko huzibwa. Baadhi ya bidhaa nyingine zimetumia njia ya kuupaka waya kabla ya kuuzungusha, njia inayoacha mguso wa kawaida zaidi chini ya vidole lakini pia inaacha mianya. Katika vipimo vyangu, nyuzi za Elixir na za D'Addario XS zilibaki na wangavu unaokubalika kwa saa nyingi zaidi, mara tatu hivi ya zile zisizopakwa, na usahihi wa freti ya 12 ulidumu hata baada ya wangavu kupungua. Utando una gharama zake katika sauti na mguso: siku ya kwanza uzi hauna ukali wa ule ulio mtupu, na vidole huteleza kwa namna ambayo wengine huipenda na wengine hawaipendi. Utando mzito pia huweza kuchanika na kutoa nyuzinyuzi nyeupe pale plektra inapopita, jambo ambalo haliharibu usahihi wa sauti lakini linaudhi macho.

Sasa hesabu. Nilichukua bei ya seti nikaigawanya kwa saa za sauti nzuri. Seti iliyopakwa ikiuzwa mara mbili ya isiyopakwa na kudumu mara tatu, kila saa ya kupiga inagharimu theluthi mbili tu ya ile ya seti ya bei nafuu, na bado hujahesabu muda unaookolewa wa kufunga na kunyoosha nyuzi mpya. Lakini hesabu hiyo ina sharti moja kubwa, nalo ni kwamba uzi usikatike kabla ya wakati wake. Mpigaji mwenye mkono mzito, ambaye hukata uzi mmoja kila baada ya siku chache, hanufaiki na utando hata kidogo. Yeye anapaswa kununua seti za kawaida kwa pakiti za pamoja, ambazo hushusha bei ya kila seti, na kuweka akiba ya nyuzi nyembamba za kubadilisha moja moja.

Kuhusu kukatika kwenyewe, kabla ya kulaumu chapa angalia mahali uzi ulipokatikia. Katika gitaa langu uzi wa pili ulikuwa ukikatika daima penye daraja, uwe wa kampuni yoyote, na jambo linalojirudia mahali pamoja ni la gitaa. Kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kilikuwa na ncha kali isiyoonekana kwa urahisi. Nilikilainisha kwa msasa mwembamba sana, kwa mkono mwepesi ili nisikipunguze kimo, na tangu hapo kukatika huko kumekoma. Uzi unaokatikia kichwani, penye kigingi cha kukazia, mara nyingi umekunjwa vibaya au umezungushwa ukajipanda wenyewe. Na uzi unaokwama katika kijia cha juu ya shingo, ukatoa mlio wa kuruka unapokazwa, husaidiwa na unga wa penseli ukisuguliwa ndani ya kijia hicho.

Kwenye gitaa la umeme hesabu hubadilika. Nyuzi zake nene huzungushiwa waya wa feleji uliopakwa nikeli, au wa nikeli tupu, au wa feleji isiyoshika kutu. Aina hii ya mwisho hustahimili jasho vizuri, na kwa kuangalia uzi peke yake ungesema ndiyo yenye thamani kubwa. Hata hivyo ni ngumu kuliko nikeli na huzila freti za kawaida kwa haraka zaidi, na kubadilisha freti za gitaa hugharimu kiasi ambacho kingenunua seti nyingi za nyuzi. Kwa hiyo mimi nimebaki na zilizopakwa nikeli, za D'Addario au Ernie Ball, isipokuwa kwa mtu ambaye gitaa lake lina freti za feleji isiyoshika kutu. Ernie Ball waliposhusha sokoni nyuzi za Paradigm mwaka 2017 waliziambatanisha na dhamana ya siku 90 dhidi ya kutu na kukatika, na dhamana ya namna hiyo ina maana kwa mpigaji wa jukwaani kuliko kwa anayepiga nyumbani.

Kitu kilichobadili matokeo yangu kuliko chapa yoyote kilikuwa kunawa na kukausha mikono kabla ya kushika gitaa, kisha kupitisha kitambaa kikavu juu na chini ya kila uzi baada ya kumaliza. Sehemu ya chini, inayoelekea ubao wa shingo, ndiyo inayosahauliwa na ndiyo inayokaa na unyevu. Seti ya kawaida iliyotunzwa hivyo ilikaribia kabisa umri wa seti iliyopakwa ambayo haikufutwa. Watu hawana jasho sawa, na ndiyo maana ushauri wa rafiki kuhusu chapa fulani unaweza kuwa wa kweli kwake na usiwe na maana kwako.

Jihadhari pia na bidhaa bandia. D'Addario huweka namba ndani ya pakiti ambayo mnunuzi huihakiki kwenye tovuti yao, na ni vyema kuihakiki kabla ya kutoa hukumu yoyote kuhusu uimara wa nyuzi zao, kwa sababu uzi bandia utakupa majibu ya chapa ambayo hukuinunua.

Gitaa la nailoni nililipima mwisho. Nyuzi za aina hiyo zilianza miaka ya 1940, wakati fundi wa magitaa Albert Augustine alipozitengeneza kwa kutiwa moyo na mpiga gitaa mashuhuri wa Hispania Andrés Segovia, zikachukua nafasi ya zile za utumbo wa wanyama. Tatu nyembamba ni nailoni tupu na hazina cha kushika kutu. Tatu nene ni nyuzinyuzi laini za nailoni zilizozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha, na hizo hufubaa na kulika penye freti za mwanzo wakati wenzake bado ni wazima. Kubadilisha zote sita kwa pamoja ni kutupa nusu ya seti iliyo nzima. Kwa gitaa hilo sasa hununua seti kamili moja pamoja na nyuzi nene za ziada, na uzi wa nne, wenye kiini chembamba na waya mwembamba kuliko wenzake wawili, ndio ninaouweka akiba kwa wingi, kwa kuwa huo ndio unaotangulia kuchakaa.