Vidole vya Mama na kizingiti cha 12

Wiki hii dada amejifungua salama, karakana yetu imehamia jengo jipya karibu na stendi, na mvua imetukatia umeme kwa siku kadhaa, lakini ninachoamka nacho kila alfajiri ni maneno ya Mama aliyoyasema mbele ya kile kibao cha kioo cha kuwashia taa kwa kugusa nilichomfungia ukutani. Alikigusa, taa haikuwaka. Akakigusa tena, haikuwaka. Nikagusa mimi, ikawaka papo hapo. Shangazi akamwambia abonyeze kwa nguvu. Mama akajibu, “Nimebonyeza, wifi. Hii inawajua wenye vidole laini.” Kisha akafuta mkono kwenye kanga na kunigeukia: “Nirudishie ile ya zamani, mwanangu. Ile haichagui mtu.”

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana yameniuma. Vidole hivyo vimepalilia mihogo na kusuka ukili tangu kabla sijazaliwa, na ngozi ya ncha zake imekuwa ngumu na kavu. Nimeyarudia maneno yale nikiwa kwenye daladala, nikiwa karakanani nachomea nyaya kwa risasi, hata nikiwa nimeketi kitandani mwa dada na mtoto mapajani.

Chipu iliyo nyuma ya kioo kile ni MPR121, iliyotolewa na Freescale, kampuni iliyoungana na NXP mwaka 2015. Ina pini 12 za elektrodi, yaani sehemu za kuhisi mguso, nami nimetumia chache tu, kila moja ikiwa imeungwa na kipande cha shaba kilichobandikwa nyuma ya kioo. Kwa zamu, chipu huipa kila elektrodi mkondo mdogo usiobadilika, usiozidi mikroampea 63, kwa muda mfupi unaoweza kupangwa kati ya nusu mikrosekunde na mikrosekunde 32, kisha hupima volti iliyofikiwa. Kidole kikikaribia, uwezo wa shaba ile wa kubeba chaji huongezeka, na kwa kuwa chaji iliyotolewa ni ileile, volti hushuka. Volti hiyo huandikwa kama namba kati ya 0 na 1023. Sambamba na hilo, chipu hutunza kiwango cha msingi kinachofuata taratibu mabadiliko ya joto na unyevu, jambo la maana sana hapa Tanga, na namba ikishuka chini ya kiwango hicho kupita kizingiti, yaani kipimo cha kushuka kilichowekwa, ndipo huhesabu kuwa kuna mguso.

Hapo ndipo ilipo siri ya maneno ya Mama. Chipu haipimi nguvu ya kubonyeza. Ngozi nene na kavu ina maji machache, huiweka nyama hai mbali zaidi na shaba, na haitandazi vizuri juu ya kioo. Kwa kidole cha Mama, namba hushuka kidogo tu.

Mawasiliano ya chipu na kidhibiti kikuu, kompyuta ndogo inayoendesha kibao, hupita kwenye nyaya mbili za mfumo uitwao I2C, mmoja wa data na mwingine wa saa, zote zikivutwa juu na rezista. Chipu yangu inaitika kwa anwani 0x5A. Ikiwa hakuna jipya hukaa kimya; elektrodi ikiguswa au ikiachwa, huishusha pini ya IRQ, kama mtu anayebisha hodi, na kidhibiti huita anwani ile, hutaja rejista 0x00 (rejista ni kijisanduku cha kuhifadhi namba ndani ya chipu) na kusoma baiti mbili zenye biti moja kwa kila elektrodi. Kusoma huko ndiko kunakoirudisha IRQ juu. Kwa hiyo kidole kisichofika kizingiti hakibishiwi hodi kabisa, na kidhibiti kinaendelea kuamini kuwa hapana mtu.

Usiku wa jana niliandika programu isiyongoja IRQ, bali inayosoma moja kwa moja rejista zinazoanzia 0x04, ambamo chipu huweka namba zenyewe baada ya kuzichuja. Leo asubuhi, baada ya shikamoo na chai, nilimwomba Mama aguse tena, nami nikatazama skrini. Namba ikashuka kwa 9. Akaondoa kidole, ikapanda. Akarudisha, ikashuka kwa 9 au 10. Kizingiti kilikuwa 12, thamani inayotumika mara nyingi. Nilifurahi mpaka nikapiga kofi. Chipu ilikuwa imemhisi Mama tangu siku ya kwanza, kila alipogusa, na habari zake zilikuwa zimeandikwa ndani zikingoja mtu wa kuzisoma.

Nikaisimamisha chipu kwa kuandika 0 kwenye rejista 0x5E, kwa sababu vizingiti havibadilishwi inapofanya kazi, nikaweka 6 kwa kugusa na 3 kwa kuachia, kisha nikaiwasha upya. Namba zikitulia huyumba kwa 1 au 2 tu, hivyo 6 ni salama. Ninaamini kwa dhati kwamba kifaa cha nyumbani kinapaswa kupimwa kwanza kwa mkono wa aliyefanya kazi ngumu zaidi katika nyumba hiyo, na vidole vyetu sisi mafundi vifuate.

Taa ilipowaka, Mama alinitazama na kuuliza, “Umeiambia nini?” Nikamjibu, “Nimeiambia isikilize vizuri, Mama.” Akaizima, akaiwasha, akaizima tena, akaenda kumwita Shangazi.

Kilichobaki kunisumbua ni Baba mdogo. Alipita mchana akitokea Pangani, na kikohozi alichokuwa nacho tangu mvua zianze hakijapungua. Anasema ni vumbi la barabarani, na hataki kusikia habari za hospitali. Kesho nitamwomba Mama azungumze naye, kwa kuwa mimi hanisikilizi.