Hivi mlango nimefunga?

Kuna kipindi nilikuwa narudi nyumbani kila mara kuangalia kama nimefunga mlango, yaani nshatembea mbali kabisa afu nasimama ghafla najiuliza, hivi nimefunga au sijafunga? Narudi mbio, nakuta umefungwa vizuri tu. Kesho yake tena. Nikasema labda uchovu, au ndio umri, mpaka siku moja nimesimama pale mlangoni nikajaribu kuikumbuka asubuhi yote ya siku ile, nilivyoamka, nilivyooga, mwanangu alivyoniaga akienda shule, na nikakuta hakuna kitu kabisa. Mkono ulifunga mlango wenyewe, mimi nilikuwa kwenye kikao ambacho hata hakijaanza, nabishana kichwani na mtu ambaye wala hajanisemesha.

Mlango sawa, unaweza ukarudi ukaushika. Ila ile "bai mama" ya asubuhi ilishapita, na alishaisema mara ngapi mimi nikiitikia tu kwa mdomo? Hapo ndipo paliponiuma.

Nikaanza kusomasoma nijue kama ni mimi peke yangu. Kumbe kuna utafiti wa Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulitoka 2010, walitumia programu ya simu inayokushtua muda wowote katikati ya shughuli zako inakuuliza saa hizi unafanya nini, unajisikiaje, na unachowaza ni hichohicho unachofanya au mawazo yako kwingine. Walijumuisha watu wazima 2,250, na katika asilimia 46.9 ya majibu mawazo yalikuwa kwingine. Karibu nusu jamani! Unaishi lakini nusu ya muda haupo.

Ila mimi kilichonigusa zaidi ni kuhusu furaha. Walikuta watu wanakuwa na furaha pungufu mawazo yakiwa yamesafiri kuliko yakiwa pale walipo, na hii ni hata kwenye zile kazi ambazo hakuna anayezipenda. Na hata yule anayewaza mambo matamu ya mbali hakuwa na furaha kumzidi yule aliyetulia kwenye anachofanya. Nilirudia kusoma hapo mara mbili maana mimi siku zote nilijiambia bora niwaze likizo huku naosha vyombo, angalau nafaidi kitu. Halafu walipofuatilia kipi kinatangulia, ikaonekana mawazo yanahama kwanza na furaha inashuka baadaye, kwa hiyo ile hadithi yangu kwamba nawaza sana kwa sababu sina raha huenda ilikuwa imegeuzwa juu chini.

Sisemi watu waache kupanga maisha. Kuwaza kesho ni uwezo mkubwa tumepewa, na hata ubongo wenyewe umetengenezwa hivyo, Marcus Raichle na wenzake mwaka 2001 walieleza kwamba kuna sehemu za ubongo ambazo zinachangamka zaidi pale ambapo huna kazi maalum ya kufanya. Kwa hiyo mawazo yakikimbia sijilaumu tena, nayarudisha tu, yanakimbia, nayarudisha. Siku nyingine narudisha mara hamsini na siku nyingine nakumbuka jioni kwamba sijarudisha hata mara moja.

Nilianzia na mlango huohuo. Naushika ufunguo nausikia ubaridi wake, nazungusha nasikiliza ule mlio wa kitasa, basi, sekunde tatu tu. Nikahamia kwenye vyombo, maji ya moto mikononi, povu, sahani inavyoteleza, na nakwambia ukweli kuna siku nilimaliza kuosha nikajikuta nimetulia kama mtu aliyetoka kulala vizuri. Hakuna kilichobadilika mle ndani, madeni yapo, kazi ipo.

Simu ilinipa shida zaidi. Kuna siku mwanangu alikuwa anaimba na wenzake shuleni, nikasimama mbele kabisa nikarekodi mwanzo mwisho, nahangaika na mwanga, nasogeza, kichwa cha mtu kinakatiza. Tumefika nyumbani ananiuliza mama uliniona nilipokosea nikacheka? Sikuona. Nilikuwa naangalia kioo cha simu, yeye alikuwa mbele yangu. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel alitoa matokeo ya jaribio la kuwatembeza watu makumbusho, vitu vingine wavipige picha, vingine waviangalie tu, na kesho yake vile walivyopiga picha wakavikumbuka kwa uhaba kuliko walivyoangalia kwa macho. Siku hizi napiga moja ya kumbukumbu naweka simu mfukoni.

Na nisidanganye kwamba kuwepo ni raha tupu. Baba yangu alipokuwa anaumwa nilikaa naye kitandani na kila dakika nilitaka kukimbilia sehemu, kwenye meseji, kwenye mahesabu ya dawa, kwenye itakuwaje. Siku moja nikaacha vyote nikamshika mkono tu, nikauangalia ule mkono, kucha zake, mishipa, ukanisikia na kunibana kidogo. Niliumia sana ile jioni. Na ndiyo jioni pekee ya kipindi kile ninayoweza kuikumbuka yote, mpaka alivyokuwa anapumua, na siibadilishi na chochote.

Asubuhi sasa mwanangu akiniaga natoka naye hadi nje, nasimama. Wiki ya kwanza tu nikaona kitu, akifika pale kwenye kona anageuka anaangalia nyuma kidogo afu ndio anaendelea. Nikampungia, akashtuka, akapunga na yeye, akakimbia. Jioni nikamuuliza, kumbe huwa unageuka pale kwenye kona?

Akaniambia kila siku mama.